Kaseti ya Maporomoko

Mama Dira ndiye aliyegundua. Alipanda basi vidole vikinuka samaki wa kuchoma, akainama nyuma ya kiti cha dereva ili aigeuze kaseti upande wa pili, akakuta kimlango cha redio kaseti kiko wazi. Ndani hamna kitu, kama ufizi uliong'olewa jino.

"Jamani," alisema taratibu, "mume wangu yuko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mumewe, Mzee Dira, alikuwa amefariki kabla ya mvua kuanza. Maisha yake yote aliwatembeza watalii nchi nzima kwa basi hilohilo, na kikohozi kilipomzidi akaiweka sauti yake kwenye kaseti, kituo baada ya kituo. Barabara ikihamishwa, au mama ntilie akifunga kibanda, Dira alirekodi kipande hicho upya juu ya kile cha zamani. Nakala hakutaka. "Njia inabadilika," alikuwa akisema, "nakala itabaki inawadanganya watu."

Abiria wa safari hii walikuwa wakimsikiliza tangu mji wa viwanda. Kwenye mji wa madaraja mawili aliwaambia, "Mkate wa hapa uleni ungali moto. Ukipoa ni silaha." Kwenye bonde la mawe mekundu akaonya, "Msirushe mawe chini, kuna mbuzi wa watu." Wakacheka, na Mama Dira akacheka nao huku akijifuta macho. Safari hii mumewe alimwahidi tangu akiwa bibi harusi, lakini kila mwaka abiria walitangulizwa, yeye akabaki nyumbani. Sasa kilibaki kituo kimoja tu, maporomoko. Hicho Dira alikirekodi mwisho kabisa, siku chache kabla ya kulazwa. Mkewe hakuwahi kukisikiliza. Alikiweka akiba, aje akisikie akiwa amesimama palepale.

Basi lilikuwa limeegeshwa kando ya ziwa la chumvi. Abiria walikuwa wametawanyika kwenye ufuo mweupe kupiga picha, kisha wakala chini ya banda la bati. Mtu yeyote angeweza kurudi basini.

"Asiguse mtu mashine!" ilisikika sauti kutoka nyuma. Ni Inspekta, mpelelezi mstaafu, mwanamke mnene mwenye mkongojo, aliyewachosha wenzake kwa vitendawili tangu safari ianze. Aliichungulia redio kaseti bila haraka. Kimlango hakikuvunjwa. Sauti ilikuwa imepunguzwa karibu ya kuzimwa. Na juu ya kitufe chekundu, cha kurekodia, povu la sabuni lilikuwa limekaukia.

"Unahangaika bure," alidakia abiria mmoja waliyempachika jina la Bwana Picha, kwa jinsi alivyoning'iniza kamera shingoni. "Mwizi ni huyu Chiriku. Jana alisema kaseti inamziba mdomo."

Chiriku alikuwa mwongozaji mpya wa watalii. "Nilisema, ndiyo!" alijibu kwa hasira. "Wewe ungependa kushindwa kuchekesha watu na marehemu?" Papo hapo akajiziba mdomo. "Nisamehe, Mama."

Habari zilimfikia mwenye basi kwa simu, naye hakuuliza mara mbili: Chiriku ashuke hapohapo ziwani, kazi hana tena.

Inspekta akaomba simu. "Bosi, nipe muda wa kikombe kimoja cha chai. Hata jogoo husubiriwa maji yachemke."

Wakaketi chini ya banda. Alianza na Bwana Picha, maana kasha tupu la kaseti lilikuwa likichungulia kwenye mkoba wake.

"Nilitaka kupiga picha mwandiko wa marehemu," alijitetea.

"Nilimpa mwenyewe asubuhi," alisema Mama Dira. "Kasha tu. Kaseti ilibaki kwenye mashine."

"Na wewe Chiriku, ulikuwa wapi wakati wa chakula?"

"Ah, Inspekta! Si nilikuwa nakuchambulia wewe miiba ya samaki?"

"Kweli. Na mmoja ulikupita, bado unanichoma." Akamgeukia dereva. "Usukani, baba, wewe je?"

Usukani alikuwa mzee mwenye vidole vinene, mwenzake Dira wa miaka yote barabarani. Alikuwa akivitazama vidole hivyo. "Nilikuwa naosha basi, kwa nje. Chumvi ya hapa inakula bati, kila tukifika lazima niioshe. Ndani sikuingia." Akamgeukia Mama Dira. "Pole sana, Shemeji. Yale maneno yake ya maporomoko ndiyo yanayoniuma. Hayatapatikana tena."

Inspekta alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Kitendawili."

"Tega," walijibu kwa mazoea.

"Kapu la mayai limepotea. Wenyewe wote wanalilia kapu. Mmoja analilia yai moja. Kwa nini?"

Aliyejibu ni Mama Dira, tena kwa sauti ya chini.

"Kwa sababu alikuwepo lilipovunjika."

"Umepata," alisema Inspekta, wala hakufurahi. "Usukani, sisi tumeililia kaseti nzima. Wewe peke yako umelilia maporomoko, tena kama mtu aliyekwisha kuzika. Sauti imepunguzwa. Mwizi hana haja ya kusikiliza, anachukua na kwenda zake. Huyu alitaka kusikia peke yake. Na ni nani hapa ana sabuni mikononi?"

Usukani alitia mkono kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akaitoa kaseti.

"Nilitaka kumsikia tu, Shemeji. Tukifika maporomoko mimi huwa nahangaika na pa kuegesha. Nikaona nitamkosa, kama nilivyomkosa hospitali, maana nilikuwa njiani na abiria. Nikaigeuza, nikabonyeza. Kimya. Nikasema, ndiye huyu Dira, lazima avute pumzi kwanza. Nikasubiri aanze. Nikawa naongea naye..." Akaiweka kaseti kwenye kiganja cha Mama Dira. "Kumbe nimebonyeza chekundu. Kile kikishuka, kinashuka na kitufe cha kusikilizia, kaseti inazunguka vilevile. Nimemfuta mimi, kwa mkono wangu."

"Na mimi, baba?" aliuliza Chiriku. "Ungeniacha hapa na chumvi?"

"Ningesema tukifika."

"Tukifika! Mimi ningefika na nani?"

Usukani aliinuka. Alichukua simu, akampigia bosi mbele ya wote, akajitaja. Mama Dira alikuwa bado anaitazama kaseti kiganjani. Hakulia, hakumtukana mtu.

"Washa basi," alisema.

Maporomoko yalisikika kabla ya kuonekana. Waliiweka redio kaseti juu ya ukuta wa mawe, penye ngazi za kuteremkia, wakasogea karibu wote. Mama Dira akabonyeza.

Kwanza ulisikika mlio wa ndoo, na maji yakidondoka. Kisha sauti ya Usukani: "Haya, anza basi, ndugu yangu. Mbona leo pumzi ndefu hivyo? ... Kiti chako sijamkalisha mtu. Chiriku nimemweka nyuma, anadhani namchukia." Kimya kirefu. "Anza, Dira." Kisha mshtuko, kama mtu aliyeungua, na kitufe kikalia.

Usukani aligeuka akawapa mgongo. Inspekta alinyoosha mkono aizime mashine, lakini Mama Dira alimzuia.

Maana kaseti ilikuwa bado inazunguka, na Usukani hakuwa ameifuta mpaka mwisho. Ikatoka sauti nyembamba, iliyochoka, ikimalizia sentensi ambayo mwanzo wake hakuna atakayeujua.

"...basi. Shukeni polepole, mawe yanateleza."

Ni hayo tu.

Mama Dira alisimama mpaka kaseti ikajizima yenyewe. Kisha akajifunga kanga vizuri kiunoni, akamfuata dereva pale aliposimama, akamnyooshea mkono.

"Shemeji, nishike," alisema. "Si umesikia alivyosema?"

Wakaanza kuteremka, ngazi kwa ngazi, polepole.