Sabuni ya Ukoo Mzima

Nikitoka shule nilikuwa na kazi zangu, na nilizifanya kwa mpangilio uleule kila siku. Kwanza vyombo vya asubuhi, kisha kufagia, kisha kumkagulia mdogo wangu daftari. Ana miaka minane, na nyumbani tunamwita Profesa kwa sababu akisoma pua yake inagusa karatasi. Watu walipocheka, nami nilicheka, maana ndivyo ilivyotakiwa. Ukweli ni kwamba tangu mama afariki, miezi mitatu nyuma, nilikuwa sihisi kitu. Chakula nilikula, maswali darasani nilijibu. Hata msibani sikulia, na majirani wakanisifu kwamba nimejikaza.

Baba ni kinyozi. Siku hizo alinyoa kimya, na jioni aliweka pesa mezani bila kuzihesabu. Wiki ikiisha, hakuna aliyejua zilikoenda.

Ndipo ikaja barua kutoka kwa mwalimu wa Profesa. Mtoto haoni ubao, aliandika. Apate miwani kabla ya mitihani, la sivyo atarudia darasa. Baba aliisoma, akaikunja.

"Tutaona," alisema.

"Wewe utaona, baba," Profesa akadakia. "Mimi ndiye sioni."

Shangazi, dada yake baba, ni karani wa fedha katika duka la vifaa vya ujenzi, na hapendi kusikia "tutaona". Jumapili iliyofuata alikuja, akachukua simu ya baba na kuiwekea programu ya bajeti.

"Wewe ndiye mhasibu wa nyumba hii," aliniambia. "Kila kinachoingia, andika. Kila kinachotoka, andika."

Programu ilianza kuuliza maswali. Mapato ya mwezi? Baba akakuna kichwa, akataja. Lengo lenu ni nini? Nikaandika: miwani ya Profesa. Nyumbani mko watu wangapi? Nikabonyeza nne. Nikafuta, nikabonyeza tatu, tukaendelea na fungu la chakula.

Kulikuwa na fungu la kodi, la usafiri, la sabuni na la dharura. Kila fungu lilikuwa na mstari wake: ukitumia kwa kiasi unabaki kijani, ukizidisha unageuka mwekundu. Kila jioni nilikaa mezani na kujaza. Wiki ya pili baba aliniuliza, "Miwani imefika wapi?" Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kulala.

Wiki ya nne mstari wa miwani ulikwama. Shangazi alipokuja kukagua, alivaa miwani yake mwenyewe, akaivua, akaivaa tena.

"Sabuni?" alisema. "Watu watatu! Mnafua nguo zenu au za ukoo mzima?"

"Na soksi zangu bado zinanuka," Profesa akamuunga mkono.

Shangazi alimtazama kola iliyojaa uchafu, kisha akamtuma nje akacheze. Aliponigeukia, utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mwanangu, hii si sabuni. Sikugombezi. Ni nini?"

Nilikwenda chumbani, nikafungua sanduku langu la nguo, nikaleta simu ya mama.

"Ni vocha," nilisema.

Nikawaeleza kama mtu anayesoma orodha. Asubuhi ile mama alinipa pesa, akasema, "Kimbia dukani uniletee vocha." Nilikwenda, lakini nje ya duka wasichana walikuwa wanaruka kamba, nikasimama kuwatazama. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi. Majirani wakaniambia mama amezidiwa, amepelekwa hospitali. Hakurudi tena, na vocha ikabaki mkononi mwangu. Tangu hapo, kila Jumamosi nilichota kidogo kwenye pesa za mezani, nikanunua vocha na kuiingiza kwenye simu yake.

"Najua haisaidii," nilisema. "Lakini alinituma, nikachelewa. Angekuwa na vocha, angempigia baba mapema. Sikuona fungu la kitu kama hicho, ndiyo maana nikaandika sabuni."

Baba alikuwa ameketi karibu na mlango. Nilidhani hasikilizi.

"Alinipigia," alisema.

"Nani?"

"Mama yako. Siku ileile. Alikuwa na salio kidogo, likatosha. Nilimwacha mteja na nusu kichwa, nikakimbia. Nilimkuta anaongea. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Njiani akaniambia, 'Mtoto nimemtuma dukani. Asije akarudi akakuta nyumba tupu, akaogopa.'" Akanisogelea. "Sikukuambia, mwanangu. Nilidhani tukinyamaza utasahau."

Nikalia. Nililia vibaya, kwa kelele na kamasi, hadi Profesa akarudi mbio kuuliza nani amepigwa. Baba alinishika kichwa kwa mikono yote miwili na hakuniachia.

Nilipotulia, shangazi alikagua salio la simu ya mama. Lilikuwa kubwa. Kwa ruhusa yangu alilihamishia kwenye simu ya baba, ili pesa ambazo baba angenunulia vocha mwezi ule na unaofuata ziende kwenye miwani.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Programu hii haina huruma wala hasira. Inahesabu ulichoiambia tu. Ukiiambia sabuni, itahesabu sabuni, na mtoto atakosa miwani. Na wewe, mwanangu, uliposema sabuni ulificha pesa kidogo na donda kubwa, nasi tungelitibu vipi bila kuliona? Sema kweli, hata kama fungu lake halipo. Fungu tutaliongeza." Kisha akamgeukia baba. "Hayo yanakuhusu na wewe."

"Kweli, dada," baba akajibu.

Nikachukua simu. Pale nilipokuwa nimeandika sabuni nikaandika vocha, mara nne.

Miwani ilipatikana siku tano kabla ya mitihani. Fundi wa miwani alipomvalisha, Profesa alisoma kwanza kila bango lililokuwa ukutani, kisha akatutazama usoni, mmoja mmoja, kama anayehakikisha kuwa ni sisi.

"Dada," aliniambia, "macho yako mekundu."

Nilitaka kumwambia ni vumbi.

"Nimelia asubuhi," nilimwambia. "Nimemkumbuka mama."

"Hata mimi huwa nalia," alisema. "Nilidhani nalia peke yangu."

Baba akatushika mikono, tukavuka barabara.