Kiungo Namba Saba

Jioni nikitoka shule nilikuwa na kazi za kufua soksi, kuosha vyombo na kuvumilia majigambo ya kaka yangu. Hii ya mwisho ndiyo iliyonichosha zaidi. Kaka alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea usindikaji wa maziwa, na nyumbani tulimwita Bosi kwa sababu hata akitumwa kiberiti dukani alipiga pasi shati kwanza.

Chuo chake kilikuwa na mkataba na kiwanda cha maziwa cha mjini kwetu. Wanafunzi walifanya kazi kiwandani kwa wiki nane, na aliyefanya vizuri aliajiriwa hapohapo. Mama aliomba usiku na mchana Bosi awe mmoja wao. Binamu yetu alikuwa na cheti kizuri cha chuo kingine, kimetundikwa ukutani, na huu ulikuwa mwaka wa tatu hajapata kazi.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kila jioni kaka alirudi na koti lake jeupe vilevile lilivyokuwa asubuhi.

"Kaka, huko kiwandani hamchafuki?"

"Wachafuke vibarua," alinijibu. "Eti kila asubuhi nifungue kiungo cha bomba, nisugue mpira wa ndani kwa maji ya moto! Nimesoma miaka miwili ili nishike brashi?"

Jumatano ya wiki ya nane aliniletea daftari lake la mafunzo. Lilikuwa na kurasa arobaini, ukurasa mmoja kwa kila siku ya kazi. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameujaza. Thelathini na tisa zilizobaki zilikuwa tupu.

"Mdogo wangu, una mwandiko wa dhahabu," alisema kwa sauti tamu. "Nakili tu kama nilivyoandika hapa. Nitakuletea pakiti ya maziwa ya baridi."

Sifa zilinilevya. Shuleni waliniita Kalamu, na nilipenda kuliona jina hilo likithibitika. Nikaketi mezani nikaandika: "Leo nimefungua kiungo namba saba. Nimesugua mpira. Ni safi. Maziwa yanapita vizuri." Niliandika hivyo mara thelathini na tisa, mpaka siku ya Ijumaa ambayo ilikuwa bado haijafika. Sikujiuliza chochote, na leo nikikumbuka najionea kinyaa.

Ijumaa hiyo mkufunzi wa kaka alikuwa aende kiwandani kupiga mihuri. Kaka alishughulika na pasi mpaka akalisahau daftari kitandani. Shule zilikuwa zimefungwa, basi mama akanituma nimpelekee mbio.

Mlinzi wa getini alinipa pakiti ya maziwa akanielekeza kwenye chumba cha mitambo. Humo nilimkuta kaka amesimama wima kama anapigwa picha. Pembeni yake walikuwepo mkufunzi, aliyebeba mkoba mpya, na mwanamke mnene aliyevaa buti za mpira, spana mfukoni. Huyo alikuwa msimamizi wa mitambo, na kiwanda kizima kilimwita Mama Bomba.

"Shikamooni," nilisema, nikamkabidhi mkufunzi daftari.

Hakusoma hata mstari mmoja. Alifungua ukurasa, akagonga muhuri, akafungua mwingine, akagonga. Alikuwa amefika wa kumi na tano Mama Bomba alipoushika mkono wake.

"Ngoja kwanza, mwalimu. Ulitakiwa uje kila wiki. Umekuja mara ngapi?"

"Nilikuwa napiga simu, mama."

"Simu inaona bomba?" Mama Bomba alichukua daftari akasoma kwa sauti. "'Kiungo namba saba. Ni safi. Maziwa yanapita vizuri.' Imeandikwa hata ya leo, na asubuhi hii kijana amekaa nyuma ya stoo na simu yake. Haya, twendeni tukakione hicho kiungo kisafi."

Alipiga magoti, akakifungua kwa spana. Uvundo ukatoka kabla ya kitu kingine. Ndani ya bomba mlikuwa na ute wa kijivu na njano, mzito, unaovutika kama makamasi, na mpira ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Mimi nilikuwa nimejaza maziwa mdomoni. Nikakimbilia pipa la taka nikatapika mpaka machozi yakanitoka.

"Maziwa yako ni mazima, binti," Mama Bomba aliniambia. "Bomba hili nililitenga na mengine tangu wiki ya pili, nilipoona brashi yake imekauka. Halijapitisha tone tangu siku hiyo. Mara mbili nimemwambia aje alisafishe, na mara mbili ameniitikia 'ndiyo mama'."

Kaka alijitetea. "Labda... labda uchafu umeingia leo."

Hapo kinyaa changu kilihama bomba kikamwangukia yeye. Kisha nikautazama mwandiko wangu mzuri, ulionyooka mstari kwa mstari, nao nikauona unanuka.

Mama Bomba alisimama. "Nakwenda kwa meneja. Mkataba huu uvunjwe leo. Chuo kinatuletea watu wa kukaa kivulini, kinawagongea mihuri, halafu mnalia vijana hawapati kazi! Mnatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wale wanafunzi wenu kumi na wawili wanaosubiri zamu watafute kwingine."

"Mama," nilisema, "daftari nimeliandika mimi. Yote, isipokuwa ukurasa wa kwanza."

Mkufunzi aliuangalia muhuri wake kana kwamba ameokota panya. Kaka alijiinamia, akasema, "Ni kweli. Sijawahi kukifungua hata siku moja. Wenzangu hawana kosa, mama. Niadhibu mimi."

"Na mimi," mkufunzi alisema polepole. "Nimekuwa nikiwapigia mihuri watu nisiowaona."

Mama Bomba alinitazama. "Umeandika vizuri sana, mwanangu. Ndiyo maana uongo ukapendeza. Lakini ukweli umeusema mwenyewe, bila kulazimishwa, basi kwa meneja siendi." Akamgeukia kaka. "Wiki nane, upya. Uanze na hili hapa, sasa hivi. Na wewe mwalimu, kila Alhamisi uje na buti."

Kaka alivua koti, akashika brashi. Nilimwona akikunja uso, akitema mate, akisugua. Mkufunzi alimshikia ndoo.

Wiki nane hizo kaka alirudi nyumbani ananuka maziwa yaliyochacha, na mama alimkataza kukaa kwenye kiti cha kitambaa. Hakuniomba tena mwandiko wangu. Siku moja nililifungua daftari lake jipya. Herufi zilikuwa zimepinda, kurasa zina madoa ya maji, na mahali pamoja palikuwa pameandikwa: "Leo nimekuta utando. Nimesugua mara mbili. Sina uhakika, nimemwita Mama Bomba."

Siku ya mwisho tulikwenda na mama. Mama Bomba alikuwa na daftari hilo mkononi.

"Chuo kinafundisha kichwa, kiwanda kinafundisha mkono," alituambia. "Vikidanganyana, kijana anabaki na karatasi tu. Na wewe binti, kumbuka: usiandike 'ni safi' juu ya kitu ambacho hujakifungua."

Kisha akachomoa spana mfukoni akampa kaka. "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe kazini."

Mama alilia kwa furaha. Mimi nilipewa pakiti ya maziwa. Kabla ya kuifungua nilimuuliza kaka, "Namba saba umekisugua leo?"

"Nimekisugua," alisema, akaninyooshea vidole vyake vilivyochubuka.

Nikanywa.