Mshiriki wa Thelathini

Mkeka wa kupimia hatua ulianza kulia saa sita mchana, na hapakuwa na mtu juu yake.

Kimbelembele alidhani ni hitilafu. Wenzake wa idara ya sayansi ya mwendo ndio waliompa jina hilo, wala hawakumsingizia: ilipotangazwa nafasi moja ya utafiti, yeye alikuwa ameshafika ofisini kabla gundi ya tangazo haijakauka. Sasa nafasi ilikuwa inamponyoka. Mwalimu aliyesimamia utafiti alitaka watu thelathini waliopimwa ifikapo saa nane, la sivyo angempa mwingine. Alikuwa nao ishirini na tisa.

Kwenye kompyuta zikatokea nyayo. Kushoto, kulia, kushoto. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Kaka, unaona?" alinong'ona.

Fundi wa maabara alikuwa ameshashika kitasa. "Dada, kwenye tangazo lako uliandika nini?"

"Yeyote anayeweza kutembea anakaribishwa."

"Yeyote! Haya, umemkaribisha nani sasa? Zima, nakuomba."

Angezima. Lakini hatua zilikuwa safi kuliko za wote waliotangulia, na nafasi ile aliitaka kwa udi na uvumba. Akachukua fomu ya ridhaa, akaandika "Mshiriki wa 30", na palipotakiwa sahihi ya mshiriki akatia yake. Mkeka ukanyamaza. Fundi akatoka bila kuaga.

Saa nane Mwalimu alipitia vipimo na fomu, akaiona sahihi, akakunja uso. "Mwanangu, umenidanganya. Huyu wa thelathini ni wewe."

"Haki ya Mungu si mimi, Mwalimu."

"Hebu pita hapo."

Akapita, na michoro miwili ya nyayo, wake na wa mshiriki wa thelathini, ikalaliana bila kupishana hata unywele, naye alipotaka kusimama miguu ikakataa, ikageuka mwisho wa mkeka, ikarudi, ikageuka tena, visigino vikimuungua ndani ya viatu na harufu ile ikimpanda puani, huku Mwalimu akirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Simama, mwanangu!"

"Siwezi!"

Hapo akakumbuka kile kifungu alichowasomea watu ishirini na tisa: mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu.

"Najitoa!" alilia. "Nasema najitoa!"

Miguu ikasimama. Mwalimu akashusha pumzi.

Kisha mdomo wa binti ukafunguka, na sauti isiyo yake ikasema kwa upole, "Wewe ni mtafiti tu. Mshiriki ni mimi, na mimi sijitoi."

Miguu ikaanza tena. Safari hii ilielekea mlangoni.