Bangili ya Bibi Mageni

Ignas alimwona Mbuke kwa mara ya kwanza stendi ya Geita, akigombana na kondakta aliyepakia mzigo wake wa vitenge kwenye basi la Kahama wakati yeye anakwenda Mwanza. Gauni la njano, kilemba cha zambarau, na sauti ya mtu aliyezoea kuswaga ng'ombe. Ignas akamsaidia kuushusha mzigo.

"Asante, kaka. Sasa unatazama nini?"

"Natazama mzigo."

"Mzigo uko chini."

Walianzia hapo. Ikawa simu asubuhi, simu mchana. "Umekula, mama watoto?" "Watoto gani? Kwetu hujafika hata kusalimia!" Ignas alicheka, lakini kwenda alikuwa haendi. Alinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na kila wiki alikuwa na sababu mpya.

Kisha Bibi Mageni, aliyemzaa baba yake Mbuke, akamwita Mbuke nyumbani karibu na Mwakitolyo. Mbele ya mashangazi akavua bangili aliyovishwa na mama mkwe wake siku ya harusi, akamvisha mjukuu. Mbuke alirudi Geita macho yamevimba kwa machozi ya furaha. Bangili ilimpwaya, akampa Ignas ampelekee sonara aibane.

"Uirudishe kesho, mpenzi. Naona mkono uko uchi."

Sasa, wanunuzi wa dhahabu wana ugonjwa wao. Kitu cha njano hakiwezi kupita mikononi mwao bila kusuguliwa kwenye jiwe la kupimia. Hakuna aliyemtuma, lakini Ignas alisugua, akadondosha asidi kwenye mstari wa njano ulioachwa juu ya jiwe, tone moja likaangukia bangili yenyewe, na mstari ukatoweka. Shaba! Mtu mwenye akili angenyamaza. Yeye akaingiwa na huruma. Maskini Mbuke wangu, anadhani amerithi dhahabu! Akatoa dhahabu yake mwenyewe, sonara akatengeneza nyingine ya umbo lile lile.

Mbuke aliivaa, uso ukabadilika papo hapo.

"Mbona nzito? Hii si ya Bibi. Yake ina kibonde huku ndani."

"Ni hiyo hiyo. Fundi kaing'arisha tu."

"Ignas, usinifanye mtoto. Iko wapi?"

"Si hiyo umeivaa, mpenzi?"

Hapo ndipo yalipoharibika. Ignas alipiga simu, haikupokelewa. Ilipopokelewa alitamani isingepokelewa.

"Umeiuza?"

"Niiuze! Nani angeinunua ile?"

"Ile ipi? Si umesema ni hii?"

Akakata. Ignas alibaki ameshika simu, hasira zimemjaa, za kumchukia Mbuke na za kujichukia mwenyewe. Amwambie Mbuke kwamba bibi yake alidanganywa? Angekuwa ameutukana ukoo mzima. Na Mbuke naye hakulala vizuri wiki nzima. Jumapili kungekuwa na sherehe ya kipaimara nyumbani kwao, na Bibi angeushika mkono wake mbele ya mashangazi wote.

Ijumaa mchana Mbuke aliingia dukani kwa Ignas, gauni jeusi, hana hata hereni. Wachimbaji wawili wenye tope magotini wakampisha. Aliibwaga bangili juu ya mizani.

"Chukua hii yako. Nipe ya Bibi, kila mtu ashike njia yake."

Ignas aliangalia ile mizani, akaangalia machozi ya Mbuke, akashindwa. Alifungua droo, akaitoa ile ya Bibi.

"Nisamehe. Niliipima. Ni shaba, Mbuke. Sikutaka uumie, ndiyo maana nikakutengenezea ya kweli."

"Kwani nani alikwambia ni dhahabu?"

Ignas akaisogeza bangili mbele yake.

"Shaba najua! Siku ya kwanza tu iliniachia kijani mkononi. Bibi amesugua kijani hicho kwa majivu tangu ujana wake. Wiki nzima unaniliza, na ulichotakiwa ni kuuliza tu! Mdomo huo ni wa kulia ugali peke yake?"

Mchimbaji mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mbuke aliigeuza bangili kwenye mwanga, akaona doa la asidi, jeusi, ubavuni.

"Na hili?"

"Halitoki," Ignas akasema taratibu. "Nitamwambia Bibi mwenyewe. Naenda na wewe Jumapili."

"Unaenda kama nani?"

"Kama... kama mtu aliyeharibu kitu cha watu."

Mbuke aliivaa bangili yenye doa, akaisukuma ile ya dhahabu kuelekea kwake. Alikuwa bado na hasira. Alikuwa pia amemkumbuka huyu mjinga mpaka amechoka.

"Mwenye kosa kwetu haji mikono mitupu. Bibi atakutoza ng'ombe wa faini."

"Mmoja?"

"Mmoja ni wa doa," Mbuke alisema, akichukua pochi yake. "Wengine utatajiwa ukishaketi na wazee."