Mashine Mbili, Stika Moja

"Shangazi anaumwa jino."

Simu ilikatika.

Usingizi alifungua jicho moja. Kinyozi alikuwa amemaliza shavu la kulia, anapangusa wembe ili aanze la kushoto.

"Iache hivyo hivyo," alisema, akalivua shuka shingoni.

"Nusu?"

"Nusu."

Jina la Usingizi alipewa kazini kwa sababu ya macho yake yaliyolegea, na miaka yote ya ujasusi haikuwa imeyasaidia. Magoti yalimuuma. Alitaka kustaafu afuge kuku. Lakini Shangazi, mkuu wa idara, akiumwa jino maana yake kuna roho ya mtu hatarini, na mama yule hakuwa na masihara.

Aliwasha pikipiki yake ya Honda. Kifaa cha sikioni kikakoroma; alikuwa Shangazi.

"Sema."

"Kituo cha uokoaji. Helikopta inaruka sasa hivi kwenda mlimani. Wachimbaji watatu wamekwama, mmoja hapumui vizuri, na mlima wote ni ukungu. Rubani hataona kitu. Atafuata picha inayochorwa na laptop."

"Laptop?"

"Ya michezo. Ndizo zenye nguvu ya picha. Kaileta Bwana Stika."

Usingizi akavuta mafuta. Bwana Stika alimjua vizuri: mgeni nadhifu, mdomo asali, wakala wa kampuni ya nje iliyotaka kuuza huduma zake za uokoaji. Helikopta moja ya serikali ikigonga mlima, mkataba ungekuwa wao.

"Mkamateni."

"Kwa kosa gani? Chipu ya picha inaitwa Radi 70. Zipo za aina mbili: moja inakula umeme mwingi na inakimbia, nyingine inakula nusu yake na ikipata joto inakwama. Jina lilelile, stika ileile. Wati hazijaandikwa popote. Tunasikia anazo zote mbili."

"Kwa hiyo stika haidanganyi."

"Inanyamaza tu. Mahakamani kunyamaza si kosa."

Hilo Usingizi alilijua kwa uchungu. Alimnunulia mwanawe laptop ya Radi 70, gari la kwenye mchezo likawa linaganda kila kona, na aliporudi dukani muuzaji akamwonyesha stika huku anatabasamu.

"Rubani ni nani?"

Shangazi alishusha sauti.

"Mdogo wako."

Usingizi alizidisha mwendo. Aliogopa. Mdogo wake alikuwa kitindamimba wa kwao, mtoto ambaye yeye Usingizi alimbeba mgongoni mpaka akaota sugu za mabega.

Alipofika, mapangaboi ya helikopta yalikuwa yameanza kuzunguka polepole. Fundi wa kituo alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Wakaguzi wameijaribu mashine?"

"Wameipitisha. Picha zilikuwa zinateleza kama maji."

"Baada ya hapo ikashikwa na nani?"

"Yule mgeni aliomba aipanguse vumbi kidogo. Akairudisha, nikaifunga kwenye helikopta."

Kumbe.

"Shangazi, ameibadilisha."

"Una hakika?"

"Sina."

"Ukizuia ndege kwa tuhuma tupu, yule mchimbaji anakufa. Ukiiachia..."

"Najua."

Bwana Stika alikuwa chumba cha kusubiri, miguu juu ya mkoba, visikizio masikioni, laptop mapajani. Stika ya Radi 70 ilimetameta chini ya kibodi. Alikuwa anacheza mashindano ya magari.

Usingizi aliketi nyuma yake kama msafiri aliyecheleweshewa safari. Akatazama.

Mvua kwenye kioo cha gari. Kona kali. Magari kumi yanagongana na cheche zinaruka kila upande. Feni ya laptop ilinguruma kwa nguvu, na picha haikuganda hata mara moja.

Mlevi wa michezo humwachii mashine nzuri mkononi akaacha kuicheza. Ile dhaifu asingeigusa hata kwa fimbo. Ile dhaifu ilikuwa mbele ya mdogo wake.

Bwana Stika alihisi mdomo wa bastola ya Makarov ubavuni.

"Wewe nani?"

"Mtu aliyechoka. Leta hiyo, twende nje."

Rubani alipomwona aliinua kioo cha kofia. "Kaka, hizo ndevu zimepatwa na nini?"

"Ngoja kwanza, mdogo wangu. Usiruke."

Wakaguzi wawili walisogea. Mbele ya watu, Bwana Stika alirudiwa na tabasamu lake.

"Huyu bwana amechanganyikiwa. Mashine zote mbili ni Radi 70. Someni stika wenyewe, waheshimiwa. Hazina tofauti."

Wakaguzi walisoma. Wakamwangalia Usingizi, mmoja akakuna kichwa.

Usingizi hakuwa na nguvu za kubishana. Aliirudisha bastola kiunoni, akafungua mlango wa nyuma wa helikopta.

"Panda."

"Nini?"

"Si umesema hazina tofauti? Kiti kipo, mkanda ule pale. Nenda na mdogo wangu, mtarudi pamoja."

Bwana Stika aliutazama mlima. Haukuwepo, ukungu ulikuwa umeumeza. Aliweka mguu kwenye kidato, akautoa. Jasho lilimtiririka kwenye kola safi.

"Fungeni hii," alisema kwa sauti ndogo, kidole kikielekea kwenye laptop iliyokuwa kwapani mwa Usingizi. "Fungeni hii kwanza."

"Kwa nini?" mkaguzi mmoja aliuliza. "Si ziko sawa?"

Bwana Stika alinyamaza. Safari hii kila mtu alimwelewa, na mkaguzi akawaita polisi wa lango.

Fundi alifungua skrubu mbio mbio, akabadilisha. Helikopta ikanyanyuka, ikaingia kwenye weupe, ikapotea. Usingizi alisimama karibu na redio ya kituo. Hakukaa, ingawa magoti yalimlilia.

Redio ilikoroma muda mrefu bila neno.

"Kaka."

"Nakusikia."

"Bonde lote naliona. Nimewapata, watatu wote. Wako hai."

Alimrudishia fundi kipaza sauti, akatoka nje kwa mwendo wake wa kivivu. Askari wa lango walimpisha kwa heshima.

"Kazi nzuri," alisema Shangazi sikioni. "Kesho asubuhi—"

"Kesho nalala, mama."

Akalitoa dude sikioni, akapanda Honda. Akapapasa shavu lisilonyolewa. Kisha akawasha pikipiki, akaondoka.