Jicho Alilolifuta Fundi Picha

Fundi Picha hakuvumilia kasoro. Chunusi aliifuta kwenye kompyuta, kovu alilifuta, hata shati lenye makunyanzi alilinyoosha. "Ingia ulivyo, toka unavyotaka!" alijitapa. Mkewe, Mama Studio, aliwapa wateja kitana na kuwachekesha wasipigwe picha wamenuna.

Siku hizi, hata hivyo, wateja walinung'unika.

"Fundi, nimemkosea nini mkeo? Ananikodolea macho tangu nilipoingia."

Fundi akamgeukia mkewe. "Mama, mbona una kisirani?"

"Kisirani gani? Joto tu linanimaliza."

Joto halikuwepo. Mama Studio alikuwa anakonda na mikono yake ikitetemeka. Akilala, jicho la kulia halikufungika vizuri. Asubuhi liliwasha kama lina mchanga, naye akalitia matone ya dukani kwa kubahatisha.

Siku moja muuguzi wa macho alikuja kupiga picha ya pasipoti. Alipomwona Mama Studio, alisahau kilichomleta.

"Dada, hili jicho limeanza lini kutokeza?"

Fundi alicheka. "Ndivyo alivyoumbwa. Macho hayo ndiyo yaliyoniua mimi!"

Muuguzi hakucheka. "Kope ya juu imepanda mpaka weupe unaonekana juu ya mboni. Kesho njooni hospitali. Leteni na picha zake za nyuma."

"Picha? Hapo umefika kwa wenyewe," Fundi alijibu.

Kweli, kila mwezi alijaribu taa zake kwa kumpiga mkewe picha. Kesho yake hospitalini akampa daktari picha saba. Daktari alizipanga mezani, akamtazama Mama Studio, akazitazama tena.

"Hii ni ya lini?"

"Wiki iliyopita."

"Haiwezekani. Hapa macho yake yako sawa."

Fundi aliinamia picha.

"Nililirekebisha, daktari. Niliona halilingani na lenzake, nikaishusha kope kidogo."

"Mwezi huu tu?"

"Miezi mitano sasa."

Mama Studio alimgeukia taratibu. "Kumbe uliliona?"

Fundi alikimbia studio kuchukua picha zenyewe, zisizoguswa. Zilipopangwa, alishika kichwa kwa mikono miwili. Katika ya kwanza macho yalikuwa sawa. Katika ya tatu kope ilikuwa imepanda. Katika ya saba jicho lilikuwa limesukumwa nje, jekundu. Mkono wake ulikuwa umeuona ugonjwa kila mwezi, na kila mwezi ukauficha.

"Nadhani ni tezi ya shingoni," daktari alieleza. "Ikiugua, nyama na mafuta nyuma ya jicho huweza kuvimba. Tundu la jicho ni mfupa, halitanuki, kwa hiyo jicho linasukumwa mbele. Mshipa wa kuonea ukibanwa, mtu anaweza kupofuka. Lakini jicho hutokeza kwa sababu nyingi, hata saratani. Tupime damu kwanza, tupige na picha ya ndani."

"Picha ambayo mimi siwezi kuigusa," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

Majibu yalionyesha ni tezi. Mama Studio alipewa vidonge vya tezi, dawa ya kupunguza uvimbe, matone ya kulainisha jicho na marhamu ya kupaka kabla ya kulala.

"Rangi zikififia au jicho likiuma sana, usingoje kesho, njoo," daktari alimwonya. "Na moshi wa sigara ni sumu kwa ugonjwa huu."

Fundi alitoa pakiti mfukoni, akaitupa kwenye pipa palepale.

Miezi ikapita. Wekundu uliisha, kope ikashuka, mwili ukarudi. Jicho bado limetokeza kidogo, lakini linaona vizuri. Picha zote saba, zisizoguswa, zimetundikwa karibu na mlango wa studio.

Juzi alikuja mzee mmoja mwenye kope iliyolegea. "Nitengeneze hapa, Fundi. Nionekane kijana."

Fundi aliondoa mkono kwenye kompyuta.

"Imeanza lini hii, mzee wangu?"

Mama Studio alikuwa ameshaanza kumwandikia mzee jina la hospitali.