Kapime Upya

Jumatatu Tunduma hapapitiki. Malori yanapiga honi, wabadilisha fedha wanaita, na katikati ya vurugu hiyo Ferista, kitenge cha manjano kiunoni, anauza mikanda ya mashine. Kijana mrefu, buti zimejaa tope, akamnyooshea kamba.

"Dada, naomba mkanda wa urefu huu."

"Wa mashine ya kusaga?"

"Wa umeme. Kwetu Ileje maji yalikuwa yanaporomoka bure, tukayawekea mtambo. Maji yanazungusha gurudumu, mkanda unazungusha jenereta, tunawasha taa."

Ferista aliivuta ile kamba, akacheka. "Hii uliipima ikiwa imelegea. Nenda kapime upya."

"Niende Ileje nirudi?"

"Kwani nina sura mbaya, usitake kuniona tena?"

Basi kijana huyo, jina lake Anyosisye, akarudi. Akarudi hata mkanda ukiwa mzima, jamani! Simu zikawa za kila jioni: "Mpenzi, umekula?" "Nimekula, baba. Maji yanatosha?" Mwishowe akaahidi kuja Jumamosi kujitambulisha kwa mama yake Ferista.

Jumamosi kuku akachinjwa, mama akavaa gauni la kanisani. Hakuja mtu. Simu haipatikani. Ferista alilia mpaka macho yakavimba.

Jumatatu dereva wa Noah ya abiria ya Itumba, kule Ileje, akamletea kamba mbili, ndefu na fupi. "Zimetoka kwa fundi wako. Mkanda umekatika, kijiji kizima giza tangu Ijumaa."

"Hata pole hakuna? Kumbe mimi kwake ni duka tu!"

"Mwanangu," alisema mama, aliyekuwa naye sokoni, "kijiji kizima giza. Simu angechajia wapi?"

Ferista akaipima ile kamba ndefu. Akachukua mkanda, akapanda Noah mwenyewe.

Alimkuta Anyosisye ndani ya maji hadi magotini, akizoa tope lililoziba mfereji.

"Nisamehe, Ferista. Zahanati ina mama anayesubiri kujifungua. Nisingeweza kuondoka."

Ferista alikuja na maneno makali, yakamwisha. Mwanamume ambaye angemwacha yule mama gizani ili aje kula kuku wake, angemtaka wa nini?

Wakafunga mkanda, wakafungulia maji. Taa ya zahanati ikawaka.

"Na kamba hii fupi?" Ferista aliuliza. " Mkanda mdogo hivi sina."

Anyosisye aliangalia buti zake. "Ya kidole chako. Nilitaka nije nayo Jumamosi, tukapimie pete. Niliikata kwa kukisia."

Ferista aliizungusha kidoleni. Ncha hazikukutana. Akamnyooshea mkono.

"Pima upya, fundi. Ila safari hii usiende mbali."